Kuazimana kwa Maktaba: Mfano wa Afrika Mashariki

Wahenga walionya kwamba nguo ya kuazima haisitiri. Katika mambo ya mavazi onyo hilo ni la haki, lakini katika mambo ya maktaba kinyume chake ndicho kweli. Hapana maktaba duniani, hata iliyo tajiri kupita zote, iwezayo kumpa kila msomaji kila anachokihitaji bila ya kubisha hodi kwa jirani.

Kuazimana kwa maktaba ni utaratibu ambao kwao maktaba moja huiomba nyingine kitabu, jarida au nakala ya makala kwa ajili ya msomaji wake. Msomaji hasafiri. Maktaba yake ndiyo inayoomba, ndiyo inayopokea, na ndiyo inayodaiwa endapo kitabu kitapotea. Katika Afrika Mashariki utaratibu huu umepata kustawi, ukavunjika, kisha ukaanza kujengwa upya kwa zana mpya. Historia yake yafundisha jambo lenye manufaa kwa kila shule yenye kabati la vitabu: mara nyingi kitabu kinachotafutwa kimo nchini au kwa jirani, kinachokosekana ni habari ya mahali kilipo, na ahadi inayoaminika ya kwamba kitarudi.

Kwa Nini Hakuna Maktaba Inayojitosheleza

Mtu aweza kudhani kuwa maktaba huazimana kwa sababu ya umaskini, na kwamba kama zingepewa fedha za kutosha zingeacha desturi hiyo. Hesabu yaonyesha vinginevyo.

Mwaka 1934 Samuel Bradford, mkutubi wa Maktaba ya Jumba la Makumbusho ya Sayansi mjini London, alichapisha matokeo ya uchunguzi wake juu ya makala za jiofizikia. Makala alizozihesabu zilikuwa 1,332, nazo zilikuwa zimetawanyika katika majarida 326. Bradford aliyagawa majarida hayo katika makundi matatu kwa kadiri ya wingi wa makala yaliyozitoa. Kundi la kwanza lilikuwa na majarida 9 tu, na hayo peke yake yalitoa makala 429. Kundi la pili lilikuwa na majarida 59, yaliyotoa makala 499. Kundi la tatu lilikuwa na majarida 258, nayo yote kwa jumla yalitoa makala 404.

Msomaji na azitazame tarakimu hizo kwa makini. Kila kundi lilitoa takriban theluthi moja ya makala zote, lakini idadi ya majarida iliongezeka kutoka 9 hadi 59, yaani zaidi ya mara 6, na kutoka 59 hadi 258, yaani zaidi ya mara 4. Kwa wastani kila hatua ilitaka majarida mara 5 hivi ya hatua iliyotangulia. Maktaba iliyotaka kupata theluthi ya kwanza ilipaswa kununua majarida 9. Iliyotaka kupata makala zote ilipaswa kununua majarida 326, na mengi kati ya hayo yangeleta makala moja au mbili tu. Kanuni hii, ambayo leo huitwa Kanuni ya Bradford, imeonekana katika fani nyingi za sayansi.

Mwaka 1956 Donald Urquhart alilichunguza jambo hilo kwa upande wa pili, yaani upande wa wanaoomba. Aliyahesabu maombi ya kuazima yaliyopelekwa katika maktaba hiyohiyo ya London kwa mwaka mzima. Maktaba ilikuwa na majarida zaidi ya 9,000, na zaidi ya nusu yake hayakuombwa hata mara moja. Sehemu kubwa kabisa ya maombi ilielekea kwenye majarida machache. Kutokana na uchunguzi huo Urquhart alishauri kuwa maktaba za kawaida ziweke yale yanayotakiwa kila siku, na yale yanayotakiwa kwa nadra yawekwe mahali pamoja kwa ajili ya kuazimwa na wote. Maktaba ya namna hiyo ilifunguliwa mwaka 1962 huko Boston Spa, kaskazini mwa Uingereza, naye Urquhart akawa kiongozi wake wa kwanza.

Faida ya mgawanyo wa namna hiyo yaweza kuonyeshwa kwa hesabu nyepesi. Chukulia kwamba kuna maktaba 3, na kila moja ina fedha za kununua majarida 100. Zikinunua bila ya kushauriana, huenda zote zikanunua majarida yaleyale, na eneo zima likawa na majarida 100 tu. Zikishauriana, kila moja yaweza kununua majarida 40 yale ya lazima, kisha zikagawana fani kwa majarida 60 yanayobaki. Eneo zima litakuwa na majarida 40 na 180, yaani 220. Fedha ni zilezile, lakini maarifa yamezidi mara mbili. Sharti lake ni moja tu: maktaba hizo ziwe radhi kuazimana.

Safari ya Kitabu

Kazi ya kwanza katika kuazimana ni kujua kitabu kilipo. Chukulia kuna maktaba 10, na kitabu kinachotafutwa kimo katika moja tu kati ya hizo. Mkutubi asiyejua ni ipi hana budi kuandika barua kwa moja, angoje jibu, kisha aandike kwa nyingine. Huenda akabahatika mara ya kwanza, au akafika mpaka ya kumi. Ukijumlisha 1 mpaka 10 na kugawa kwa 10, utapata kuwa kwa wastani atahitaji barua 5.5. Kama barua na jibu lake huchukua majuma 2, basi wastani wa kungoja ni majuma 11. Muhula wa masomo umekwisha, na mwanafunzi amekwisha fanya mtihani.

Dawa ya ugonjwa huu ni orodha ya pamoja, ambayo wakutubi huiita katalogi ya pamoja. Humo majina ya vitabu vya maktaba zote hupangwa katika mfuatano mmoja, na mbele ya kila jina huandikwa alama ya maktaba zinazokimiliki. Mkutubi mwenye orodha hiyo huandika barua moja tu. Zamani orodha hizi zilikuwa kadi zilizojaa katika makasha ya droo, au vitabu vinene vilivyochapwa upya kila baada ya miaka kadhaa. Siku hizi aghalabu huwekwa katika kompyuta.

Kazi ya pili ni kukitaja kitabu bila ya kukosea. Vitabu vingi vina majina yanayofanana, na toleo la tatu si sawa na la kwanza. Ndiyo sababu tangu mwaka 1970 wachapishaji wametumia namba ya kimataifa ya kitabu, ijulikanayo kama ISBN, ambayo tangu mwaka 2007 ina tarakimu 13. Tarakimu ya mwisho ni mlinzi. Zidisha tarakimu ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, ya nne kwa 3, na kuendelea hivyo hadi ya kumi na tatu, kisha jumlisha. Jumla sharti igawanyike kwa 10 bila ya baki. Ikiwa mtu amekosea tarakimu moja yoyote, jumla itakataa kugawanyika na kosa litajulikana kabla ya barua kutumwa. Wanafunzi waweza kuujaribu ukweli huu kwa kitabu chochote kilicho na namba hiyo mgongoni.

Kazi ya tatu ni kukisafirisha kitabu, na ya nne ni kukirudisha. Hapa ndipo uaminifu unapopimwa. Shirikisho la Kimataifa la Vyama na Taasisi za Maktaba, yaani IFLA, lilikubaliana juu ya kanuni za kuazimana baina ya nchi mwaka 1954, na tangu hapo zimerekebishwa mara kadhaa. Mbili kati yake zafaa kukumbukwa. Kwanza, maktaba inayoomba ndiyo yenye dhima juu ya kitabu tangu kinapotoka kwa mwenyewe hadi kinaporudi. Kikiliwa na mvua njiani, mwenye kuomba ndiye atakayelipa. Pili, kila nchi ina wajibu wa kuyatoa kwa wengine machapisho yake yenyewe, ama kwa kuazimisha ama kwa kutoa nakala. Nchi isiyoyatunza maandishi yake haiwezi kutegemea kuwa nchi nyingine itayatunza kwa niaba yake.

Ghala Moja, Milango Mingi

Katika Afrika Mashariki misingi ya kuazimana iliwekwa wakati taasisi nyingi zilipokuwa za pamoja. Mwaka 1948 iliundwa Idara ya Vitabu ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Nairobi. Licha ya kuchapisha vitabu, idara hiyo ilipeleka makasha ya vitabu katika sehemu za mashambani na kuwaazimisha wasomaji kwa njia ya posta. Mwaka 1960 S. W. Hockey alitoa ripoti iliyopendekeza kuwa kila nchi iwe na bodi yake ya maktaba. Sheria zilifuata upesi: Tanganyika mwaka 1963, Uganda mwaka 1964, na Kenya mwaka 1965. Jengo la Maktaba Kuu mjini Dar es Salaam lilifunguliwa na Rais Julius Nyerere mwezi wa Desemba 1967.

Lakini utajiri mkubwa wa vitabu vya sayansi ulikuwa katika vyuo na vituo vya utafiti. Mwaka 1963 vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Masomo ya gharama kubwa yaligawanywa: udaktari wa binadamu ulikuwa Makerere, uhandisi na udaktari wa mifugo ulikuwa Nairobi, na sheria ilikuwa Dar es Salaam. Vitabu vilifuata mgawanyo huohuo. Vya tiba vilikusanyika katika Maktaba ya Albert Cook kule Makerere, vya sheria vikarundikana Dar es Salaam, na vya uhandisi Nairobi.

Vituo vya utafiti vilikuwa vimetawanyika vivyo hivyo. Utafiti wa kilimo na misitu ulikuwa Muguga, karibu na Nairobi. Wa samaki wa maji baridi ulikuwa Jinja, na wa samaki wa baharini ulikuwa Unguja. Wa virusi ulikuwa Entebbe, wa malale na mbung'o ulikuwa Tororo, wa malaria ulikuwa Amani katika milima ya Usambara, na wa dawa za kuulia wadudu ulikuwa Arusha. Kila kituo kilikusanya vitabu na majarida ya fani yake. Ukiitazama ramani kwa jicho la mkutubi, utaona kwamba nchi hizi tatu zilikuwa na ghala moja la elimu lenye milango mingi. Tena mchukuzi alikuwa mmoja, kwa kuwa Shirika la Posta na Simu lilikuwa la Afrika Mashariki nzima. Kifurushi kilichotoka Muguga kwenda Amani kilipita katika mikono ya shirika moja tangu mwanzo hadi mwisho wa safari.

Mgawanyo huu ulikuwa na hatari iliyojificha. Kila nchi ilikuwa imekubali kukosa vitabu fulani, kwa imani kwamba jirani anavyo. Imani hiyo ilisimama juu ya taasisi za pamoja, na taasisi hizo hazikudumu.

Milango Ilipofungwa

Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kiligawanyika kuwa vyuo vikuu vitatu. Kila kimoja kilianza kujenga vitivo ambavyo hakikuwa navyo, na kununua upya vitabu ambavyo tayari vilikuwapo kwa jirani. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka baina ya Tanzania na Kenya ukafungwa. Ulikaa umefungwa hadi mwaka 1983.

Katika hesabu za kuvunjika kwa Jumuiya, watu wengi waliyakumbuka mabehewa ya reli, ndege na meli. Maktaba hazikutajwa sana, kwa sababu kitabu hakipigi kelele kama garimoshi. Hata hivyo mgawanyo ulitokea, nao ulikuwa wa kijiografia: kila maktaba ilibaki pale ilipokuwa imejengwa. Iliyokuwa Muguga ilibaki Kenya. Zilizokuwa Jinja, Entebbe na Tororo zilibaki Uganda. Zilizokuwa Amani, Arusha na Unguja zilibaki Tanzania. Mtafiti wa Kitanzania aliyeshughulika na mbung'o alikuta kwamba maktaba kuu ya fani yake imekuwa ya nchi ya kigeni. Mtafiti wa Kenya aliyeshughulika na dawa za wadudu alikuta hali ileile. Vitabu havikupungua hata kimoja. Kilichokatika ni njia baina yao.

Ajabu ni kwamba baadhi ya nyuzi hazikukatika. Tangu mwaka 1974 wakutubi wa eneo hili walikuwa wamekwisha anzisha mkutano wao wa kudumu, uliofanyika kwa mara ya kwanza Dar es Salaam. Mkutano huo uliendelea, na baadaye ukapanuka hadi nchi za kati na kusini mwa Afrika. Mwaka 1980 liliundwa Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala. Jumuiya yenyewe ilifufuliwa kwa mkataba uliotiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kutumika Julai 2000.

Kompyuta Imeleta Nini

Msomaji wa leo ataweza kuuliza: Je, kuna haja gani ya kuazimana, ikiwa makala yaweza kufika kwa intaneti katika muda wa sekunde chache? Swali hilo ni la maana, nalo lina majibu mawili.

Jibu la kwanza ni kwamba hali ya majarida ya nje imekuwa bora kweli. Mpango wa Hinari ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, na ule wa AGORA ulioanzishwa na Shirika la Chakula na Kilimo mwaka 2003, umezifungulia taasisi za nchi zenye kipato kidogo maelfu ya majarida bila ya malipo au kwa malipo madogo. Maktaba za vyuo vikuu vya Kenya, Tanzania na Uganda nazo zimeunda miungano ili zinunue kwa pamoja haki ya kusoma majarida ya kompyuta.

Lakini neno “haki ya kusoma” lataka kuangaliwa. Maktaba inaponunua kitabu cha karatasi, kitabu hicho ni mali yake. Yaweza kukiazimisha mara mia bila ya kumwomba mchapishaji ruhusa. Inapolipia jarida la kompyuta, aghalabu hainunui jarida. Hupanga kulisoma, mfano wa mtu anayepanga nyumba. Mkataba ndio unaosema kama nakala yaweza kupelekwa kwa maktaba nyingine, na mikataba mingine hukataza. Malipo yakikoma, huenda hata majarida ya miaka iliyopita yakafungwa. Hivyo basi mkutubi wa leo analazimika kusoma mikataba kwa uangalifu uleule ambao mwenzake wa zamani aliutumia kusoma kadi za katalogi.

Sheria yaweza pia kufungua milango. Mfano mzuri ni Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Kenya, Uganda na Tanzania zimejiunga nao. Mkataba huo huruhusu vitabu vilivyotengenezwa kwa maandishi ya nukta nundu, kwa sauti au kwa namna nyingine inayowafaa wasioona kuvuka mipaka ya nchi bila ya kuomba kibali cha mwenye hakimiliki kila mara. Kabla ya hapo taasisi za nchi mbili jirani ziliweza kulazimika kutengeneza kitabu kilekile mara mbili, ingawa kazi ya kukitengeneza ni ndefu na ya gharama.

Jibu la pili ndilo zito zaidi. Yapo maandishi ambayo hayapatikani katika hazina za kompyuta za nje: tasnifu za wanafunzi wa vyuo vikuu, ripoti za upimaji wa udongo na maji, kumbukumbu za mvua za mashamba ya zamani, taarifa za idara za misitu na mifugo. Aghalabu kila moja ina nakala chache sana, na pengine moja tu, katika rafu ya kituo fulani. Hakuna nchi ya mbali itakayozinunua kwa niaba yetu. Mhandisi anayetaka kujua kina cha visima vilivyochimbwa zamani katika wilaya, au mtaalamu wa misitu anayetaka kulinganisha msitu wa leo na wa miaka 60 iliyopita, hana pengine pa kwenda. Kwa maandishi ya namna hii, kuazimana baina ya maktaba za eneo ni njia pekee, na kuyaorodhesha ni hatua ya kwanza. Ripoti ambayo haimo katika orodha yoyote ni sawa na ambayo haikupata kuandikwa.

Jinsi Shule Ziwezavyo Kuanza

Haya yote si ya vyuo vikuu peke yake. Shule 5 za sekondari zilizo jirani zaweza kuunda mtandao wao wa kuazimana kwa gharama ndogo sana, maana hesabu ya Bradford haichagui wakubwa na wadogo.

Kwanza, kila shule iandike vitabu vyake vya sayansi katika kadi, kitabu kimoja kwa kadi moja: jina la mwandishi, jina la kitabu, toleo, mwaka na namba ya ISBN ikiwapo. Kila shule ijichagulie herufi moja ya kuitambulisha. Pili, kadi za shule zote zipangwe pamoja kwa mfuatano wa alfabeti ya majina ya waandishi. Pale kitabu kimoja kinapokuwa na kadi zaidi ya moja, zibaki moja tu zikiwa na herufi za shule zote zinazokimiliki. Orodha hiyo inakiliwe mara 5, kila shule ipate yake. Kama shule ina kompyuta, kazi hiyo yaweza kufanywa kwa jedwali; lakini kadi na kasha la viatu vyatosha.

Tatu, walimu wakuu wakubaliane kwa maandishi juu ya mambo manne: kitabu kitakaa siku ngapi, nani atakisafirisha, nini kitafanyika kikichelewa, na nani atalipa kikipotea. Mapatano haya yafanywe kabla ya kitabu cha kwanza kutoka, kwa maana mitandao mingi ya namna hii huvunjwa na kitabu kimoja ambacho hakikurudi na ambacho hakuna aliyekubali kukidhamini. Nne, kila shule iwe na daftari la kuazimana, lenye tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi na sahihi za pande zote mbili.

Klabu ya sayansi yaweza kulitumia daftari hilo kwa uchunguzi wake yenyewe. Mwisho wa mwaka wanafunzi wahesabu kila kitabu kiliombwa mara ngapi, wavipange kutoka kilichoombwa zaidi hadi kilichoombwa kidogo, kisha watafute ni vitabu vingapi vilivyotosheleza nusu ya maombi yote. Wakiona kuwa ni vichache, watakuwa wameikuta kwa mikono yao kanuni ileile iliyoonekana London mwaka 1934. Na mwalimu wa maktaba atakuwa amejua ni vitabu gani ambavyo kila shule inapaswa kununua, na ni vipi ambavyo nakala moja, ikizunguka, itazitosha shule zote 5.